Aliyeona Suruali

Watu husema darubini nzuri ya bunduki "inaongeza mwanga". Uongo, bwana! Lenzi hukuza tu. Haiwezi kuufanya ukuta wa jioni ung'ae kuliko jicho tupu linavyouona, na njiani mwanga mwingine hupotea. Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya nuru. Lenzi tano ni nyuso kumi. Piga hesabu, theluthi nzima imekwenda! Na nuru iliyorudishwa haifi. Inarukaruka ndani ya bomba, inatandaza ukungu juu ya picha, hata weusi unageuka kijivu.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba sana unaozuia mwanga kurudi. Jeshi likaifanya siri. Leo darubini bora hupitisha zaidi ya asilimia 90, na utando wa namna hiyo umo kwenye miwani ya mwalimu wako.

Haya, tuseme kioo ni safi. Sasa anayetazama anaona nini?

Mwaka 1937, katika vita vya Hispania, George Orwell alijilaza karibu na Huesca akivizia maadui. Akatokea askari mmoja anakimbia, nguo nusu, ameishika suruali yake kwa mikono miwili isianguke. Orwell hakufyatua. Baadaye aliandika kwamba suruali ile ilichangia: mtu anayeshikilia suruali si "adui" tena, ni mtu kama wewe. Wala hakuhitaji kioo cha Jena, maana umbali ulikuwa kama mita mia tu.

Sisi tunaojifunza kuandika tunapenda kisa hiki, eti kinathibitisha kuwa jambo dogo likionekana vizuri huokoa roho. Nami niliamini hivyo, mpaka rafiki yangu akanicheka. "We! Mdunguaji anaona mpaka vifungo vya shati, na bado anafyatua."

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo nusu. Kioo safi hakimfanyi mtu kuwa mwema, kinamnyang'anya kisingizio. Zamani angeweza kusema, "Kulikuwa na ukungu, nilidhani ni kichaka." Aliyetazama kwa asilimia 90 atasema nini?

Nusu ya pili inanisumbua. Ukikuza mara nane, kifungo kinakuja karibu, lakini uwanja unakuwa mwembamba: mtoto aliyesimama hatua chache pembeni hayumo kabisa kwenye picha. Hiyo si kasoro ya kioo, hakuna utando wa kuitibu. Labda ndiyo maana wadunguaji wengi hufanya kazi wawili wawili, mmoja akiwa na darubini yake ya kutazamia tu. Huyo wa pili, asiyeshika kifyatulio, ndiye ningependa kumuuliza ameona nini.