Ng'ombe wa Kulimia na Haki ya Mgonjwa

Huuliza muulizaji: Mkulima mwenye ng'ombe wawili wa kulimia, mkewe akaugua naye hana fedha, je, yampasa awauze kwanza ndipo ahisabiwe maskini?

Swali hili lafaa kuulizwa Masumbwe, mkoani Geita, ambako wachimbao dhahabu na walimao mahindi ni majirani. Tangu serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini mwaka 1993, tajiri hulipa kwa akiba yake, na maskini hulipa kwa chombo cha riziki yake. Mke akapona, na shamba likabaki pori. Watoto wakalala njaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni jambo jema, wala haimwondolei jirani wajibu wake.

Jawabu: Hapasiwi. Wanavyuoni wa Kishafii wamebainisha kwamba nyumba akaayo mtu na zana za kazi yake hazimtoi katika umaskini. Basi huyu astahiki zaka na ng'ombe wake wangali zizini.

Na Muislamu achimbaye dhahabu, ikitimia nisabu, kadiri ya gramu 85 za dhahabu safi, hutoa 2.5 kwa 100 mara ikishasafishwa, haingojewi mwaka. Apewacho mkulima ni haki yake, si hisani, asisimangwe. Ama jirani asiye Muislamu, mlango wa sadaka u wazi kwake.

Amhurumiaye mwenziwe baada ya zizi kuwa tupu amechelewa. Wallahu aalam.