Haki ya Aliyeshindwa

Wazee walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hili twalisikia katika uwanja wa mpira, katika mtihani na katika uchaguzi, na mara nyingi twaliona kuwa la kweli. Walakini wazee hao hao walisema pia: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Msomaji, methali hizi mbili zikikutana mlangoni mwa mahakama, ni ipi itangulie? Mtu aliyedai akashindwa, kisha akaletewa hesabu ya gharama za mwenziwe azilipe, je, yampasa kunyamaza na kulipa kila senti iliyoandikwa, au anayo haki ya kuuliza?

Swali hili si la mawakili peke yao. Sheria ya mwaka wa 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo katika Kenya, ili mtu wa kawaida mwenye dai lisilozidi shilingi 1,000,000 apate uamuzi katika muda wa siku 60. Mahakama hiyo ilianza kazi Nairobi mwaka wa 2021. Yamkini siku moja wewe mwenyewe utasimama mbele yake, na katika kila kesi iamuliwayo yupo mmoja arudiye nyumbani ameshindwa.

Kwanza na tujue kwa nini gharama hulipwa. Mtu akidaiwa asichodaiwa, hupoteza siku zake za kazi, humlipa wakili, na huwapa mashahidi wake nauli. Hukumu ikimwambia kuwa hana deni, kisha ikamwacha na hasara hiyo yote, ameshinda kwa jina tu. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya yasema kuwa gharama hufuata matokeo ya kesi, isipokuwa hakimu ana sababu njema ya kuamuru vingine. Desturi hii ni ya kale. Uingereza iliandika katika sheria, mwaka wa 1278, kuwa mdai aliyeshinda arudishiwe gharama zake. Marekani walishika njia nyingine: tangu hukumu ya Mahakama yao ya Juu ya mwaka wa 1796, aghalabu kila mmoja humlipa wakili wake mwenyewe. Kila njia ina uzito wake. Ya kwanza humlinda asiye na kosa. Ya pili humtia moyo maskini mwenye dai.

Sasa nitakueleza jambo lililonipata mimi, maana si vema kufundisha ujasiri kwa mifano ya watu wengine tu. Nilimshtaki fundi aliyeniezekea nyumba. Mvua ya kwanza ilipopenya hata kitandani, nilimdai shilingi 160,000. Kesi ilisikilizwa, nami nikashindwa. Ilithibitika kuwa mabati niliyanunua mimi mwenyewe, membamba na ya bei nafuu, na kwamba fundi alinionya mbele ya watu. Hukumu ilikuwa ya haki. Niliumia, lakini sikuwa na neno.

Baada ya majuma machache nikaletewa hati ya gharama: ada ya wakili shilingi 24,000, siku nne za kufika mahakamani, shilingi 16,000, kunakili kurasa 400, shilingi 8,000, nauli za mashahidi watatu, shilingi 6,000. Jumla yake ilikuwa shilingi 54,000. Usiku ule sauti mbili zilisema nami. Sauti ya hasira iliniambia, “Kataa yote, huyu amekuvujishia nyumba, sasa ataka na mshahara wako.” Sauti ya aibu iliniambia, “Lipa unyamaze. Mshindwa hana mdomo.” Nilipolala nilikuwa nimekubaliana na ile ya kwanza. Nilipoamka nilikuwa nimekubaliana na ile ya pili. Zote mbili zilikuwa zikinipotosha.

Sauti ya hasira hukosa kwa kuwa hutaka kuirudia kesi iliyokwisha. Sauti ya aibu hukosa kwa kuwa huchanganya fidia na adhabu. Fidia humrudishia mtu alichopoteza, nayo hukoma pale hasara yake inapokoma. Adhabu humpiga mkosaji ili aumie. Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwaka wa 2014 kuwa gharama si za kumwadhibu aliyeshindwa, bali ni za kumfidia aliyeshinda kwa taabu aliyoipata katika kesi. Kabla ya hapo, mwaka wa 1972, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuonya kuwa gharama zisiachwe kupanda hata mahakama zikawa za matajiri peke yao. Na papo hapo ikasema kuwa aliyeshinda arudishiwe kwa haki kile alicholazimika kutumia. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 48, nayo yataka ada yoyote iwe ya kadiri, isimzuie mtu kufikia haki.

Basi nikatwaa kalamu na kumbukumbu zangu, nikaipitia hati kifungu kwa kifungu. Mahakama ilikaa siku mbili, si nne. Karatasi za kesi nzima, nilizozihesabu mara mbili, zilikuwa 100. Shahidi wa tatu sikumwona kabisa. Hayo nikayaandika kwa utulivu. Lakini sikukomea hapo. Nikaipinga ada ya wakili pia, kwa sababu tu ilikuwa kubwa machoni pangu. Na nikaipinga nauli ya shahidi wa pili, kwa kuwa alikuja lakini hakuitwa kusema neno.

Afisa wa mahakama mwenye kazi ya kukadiria gharama alitusikiliza sote. Siku mbili zisizokuwako akazifuta, na kurasa 300, na shahidi asiyeonekana. Kisha akafunua kanuni za ada, akanionyesha kuwa ada ya wakili ilikuwa ndani ya kipimo. Na kuhusu shahidi wa pili akaniuliza, “Mwalimu, mtu aliyeacha shamba lake akaketi hapa tangu asubuhi hata jioni, hakupoteza kitu kwa kuwa hakuulizwa?” Sikuwa na jibu. Katika shilingi 54,000 zilifutwa 16,000, nami nikalipa 38,000. Nisingaliridhika, kanuni za ada za mawakili zilinipa siku 14 za kutaja kwa maandishi vifungu nilivyovipinga, nielezwe sababu, kisha niende mbele ya jaji. Sikuona haja, kwa kuwa sababu nilikuwa nimekwisha kuzisikia, nazo zilikuwa za kweli.

Labda utasema, msomaji, kuwa mtu mwungwana angalilipa bila maneno, kwani fundi yule alikuwa amesumbuliwa vya kutosha. Hoja hii ni nzito, nami nimeifikiri sana. Ikiwa hati ni ya kweli, kuipinga ili kumchosha mshindi ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini kulipia siku ambazo mahakama haikukaa si uungwana. Anayelipa uongo kwa kuona haya huufundisha uongo kurudi, na safari nyingine utabisha hodi kwa mjane asiyejua kusoma hati. Zaidi ya hayo, jirani akisikia kuwa kushindwa katika dai dogo kwaweza kumfilisi mtu, hatathubutu kudai hata haki yake iliyo wazi. Hapo mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wanyonge utakuwa umefungwa, ingawa hakuna aliyeonekana akiufunga.

Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja, ambacho mimi nilikipata nimechelewa. Kabla hujapinga kifungu chochote, jiulize: kama ningalishinda mimi, ningalikidai hiki? Kama jibu ni ndiyo, kilipe, hata kikikuuma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kama jibu ni la, kipinge, hata ukionewa haya. Kwa kipimo hicho ningalizipinga siku mbili, kurasa 300 na shahidi mmoja, na ada na nauli ya yule mkulima ningaliziacha.

Siku nilipopeleka malipo nilimkuta fundi nje ya ofisi ya wakili wake. Tulisalimiana. Akaniuliza kama nyumba bado yavuja, nikamjibu kuwa yavuja. Akasema nikinunua mabati mazuri safari hii, yeye yuko tayari kuyapiga misumari. Nami nikayanunua.