Jina Moja, Mkondo Mwingine

Sisi tukaao Kyela twaujua mto Songwe: mafuriko yakija huhama njia yake, wala jina halibadiliki. Ndivyo ihamavyo tamaa.

Mwaka 1935 huko Uingereza lilianza gazeti liitwalo Men Only, maana yake, la wanaume tu. Lilikuwa dogo, la kutiwa mfukoni, lenye hadithi, mizaha na picha chache za wanawake. Mwaka 1971 tajiri Paul Raymond alilinunua, akalijaza picha za wanawake walio uchi. Jina likabaki lile lile.

Katika nchi yetu, mwaka 1998, Serikali iliyafunga magazeti ya Kasheshe, Chombeza na Arusha Leo kwa ajili ya mambo ya aibu yaliyopigwa chapa ndani yake. Je, kufunga kwatosha? Sheria yaweza kuuzuia mtambo, lakini jicho hailizuii. Na leo picha hizo zimo katika simu.

Basi kosa ni la nani, la auzaye au la anunuaye? Twajibu: ni la wote wawili, kwa kuwa pasipo mnunuzi hakuna soko. Tena aliye pichani si karatasi; ni mtoto wa mtu, ameumbwa na Mungu. Amtazamaye kwa tamaa hamwulizi jina wala hali yake, amemfanya bidhaa.

Kwa hiyo, enyi walimu, msiwaulize vijana tu wametazama nini. Waulizeni, yule waliyemtazama ni nani.