Mwenye Mbawa Aambiwe Aruke?

Asimamaye Mnyuzi, wilayani Korogwe, akitupa jicho huona nchi mbili: bondeni mashamba ya mkonge na njia ya reli iendayo Tanga, juu, misitu ya Usambara Mashariki. Kwa binadamu umbali huo ni mdogo. Kwa vipepeo wengi waliozoea kivuli, jua la uwandani ni ukuta.

Mtu atauliza: mwenye mbawa azuiwe na nini? Yakini, mbawa hazikugawiwa kwa kipimo kimoja. Kifua cha kipepeo ni ghala la misuli ya kurukia. Charaxes, mwenye kifua kinene, hukata hewa kama mshale. Mwenye kifua chembamba na tumbo refu huelea polepole, na jike hubeba pia uzito wa mayai. Tena mbawa pekee hazitoshi. Papilio demodocus hutaga kwenye michungwa na milimao, kwa hiyo yu nyumbani Muheza, Unguja na Pemba. Nduguye, Papilio desmondi teita, hana makao duniani ila vipande vya msitu vilivyosalia katika vilima vya Taita, Kenya.

Je, tumlaumu huyu kwa kutohama? Umbo lake lilifinyangwa na msitu; msitu ukikatwa, umbo hubaki vilevile. Basi deni ni la mkataji, naye hana budi kuifungua njia aliyoiziba.

Lakini njia nayo ina gharama. Katika miaka ya 2000, ili misitu ya Usambara Mashariki iliyotengana iunganishwe, ulitengwa ushoroba wa Derema. Ulipita katika mashamba ya iliki, na wakulima wakatakiwa kuyaacha kwa fidia. Iliki hustawi katika kivuli cha mlimani. Ujuzi wa mkulima wake haupandiki bondeni penye mkonge. Kumwambia "una miguu, nenda" ni sawa na kumwambia kipepeo "una mbawa, ruka".

Haki ya mmoja haifuti ya mwingine. Aamuaye nani ahame kwanza aulize: huyu akifika aendako, atakuta cha kumlisha? Asipokuwa na jibu, fidia aliyoitoa haijatimia, hata ikiwa fedha zimehesabiwa zote.