Je, Kukubaliana Kwatosha Kuwa Haki?

Mwezi Julai, 2016, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba haitatia sahihi Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Novemba ya mwaka uleule Bunge nalo likaishauri isitie. Rais John Magufuli aliufananisha mkataba huo na ukoloni; Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikwisha kuupinga kwa kalamu. Wengine wakauliza: wajumbe wa pande zote walijadiliana miaka mingi, wakapatana mwaka 2014, dhuluma yatoka wapi katika jambo ambalo watu wamelikubali kwa hiari yao?

Swali hilo si la wafanya biashara peke yao. Baba Mtakatifu Leo XIII alilijibu mwaka 1891 katika Waraka wake Rerum Novarum, alipofundisha kwamba mfanyakazi akipokea ujira duni kwa sababu ya shida, kupokea kwake hakuugeuzi ujira ule kuwa wa haki. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliyapeleka mafundisho hayo kwa mataifa: wapatanao wakitofautiana mno kwa nguvu, ridhaa yao peke yake haihakikishi haki.

Basi na tuupime mkataba ule. Ulizitaka nchi zetu ziondoe ushuru, hatua kwa hatua katika miaka 25, juu ya asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zitokazo Ulaya. Nasi tungeuza kwao bila ushuru. Lakini Tanzania, ikiwa katika orodha ya nchi maskini, ilikuwa na ruhusa hiyo tayari! Tulitakiwa kukinunua kilichokuwa mkononi mwetu. Ni kweli kwamba bidhaa kadhaa ziliachwa nje ya mapatano. Hata hivyo, ushuru ukusanywao bandarini ni sehemu ya fedha ya kununulia dawa na kulipia walimu, na viwanda vya Chang'ombe, huko Temeke, havijapata nguvu za kushindana na vile vya Ujerumani. Mzazi wa Temeke au Kinondoni anayemtafutia mwanawe kazi ya kiwandani hakuketi katika meza ile.

Ulaya yenyewe haikulelewa hivyo. Mataifa 6 yaliyotia sahihi Mkataba wa Roma mwaka 1957 yalibomoa kuta zilizokuwa baina yao, yakajenga ukuta mmoja wa kuyazunguka yote, na wakulima wao wakalindwa sana. Hatuwalaumu. Umoja ule, ambao Robert Schuman, Mkatoliki, aliufungulia njia kwa tangazo lake la tarehe 9 Mei, 1950, uliwapatanisha Wafaransa na Wajerumani waliokuwa wamezoea kuuana, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Tunachouliza ni kwa nini mtoto wa jirani anyimwe malezi waliyopewa watoto wa nyumbani.

Kwa hiyo twaona Rais alikuwa na haki kukataa. Lakini upo upande wa pili, ambao wapenda taifa hawapendi kuutazama. Kenya haimo katika orodha ya nchi maskini. Ruhusa yake ilipokoma Oktoba 2014, maua yake yalitozwa ushuru Ulaya kwa muda wa miezi mitatu hivi, na wachumaji wa maua ya Naivasha ni maskini kama sisi. Kenya na Rwanda zilitia sahihi Septemba 2016. Mkataba haukuweza kuanza bila wengine. Kukataa kwetu kulikuwa halali, bali kulimwacha jirani mlangoni. Mwishowe Kenya ilijifungia mkataba wake yenyewe Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Ndugu wa jumuiya moja yawapasa kutafutiana njia kabla ya hapo.

Tena ipo Burundi, nchi isiyo na bahari, ambayo shehena zake nyingi hupita katika bandari ya Dar es Salaam. Ikija kwetu kupatana juu ya njia na ada, huketi mahali tulipoketi sisi mbele ya Ulaya. Yafaa viongozi wetu waulizwe kama huipima ridhaa ya Burundi kwa kipimo kilekile.