Kima cha Chini na Mpalizi wa Mikorosho

Oktoba 2025, mwezi uleule wa uchaguzi mkuu, Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kitapanda kutoka shilingi 275,060 kwa mwezi hadi 358,322, kuanzia Januari 2026. Kabla ya hapo, siku ya Mei Mosi mjini Singida, watumishi wa umma walikuwa wameahidiwa nyongeza ya asilimia 35.1. Wako waliosema kwamba hicho ni chambo cha kura. Yawezekana. Lakini twaona neno hilo halitufikishi mbali. Deni likilipwa na mtu anayetafuta sifa, limelipwa hata hivyo, na mdai hana haja ya kupima moyo wa mdaiwa kabla ya kupokea fedha yake. Swali lililo gumu zaidi ni hili: mshahara uliotangazwa wamfikia nani?

Tuchukue Nachingwea na Ruangwa. Huko mwenye barua ya ajira ni mwalimu, mganga, karani wa halmashauri, au kijana aliyebahatika kupata kazi katika machimbo ya kinywe. Watu wengi ni wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi, na nyuma ya wakulima hao wako vibarua: wapalizi, wapuliza salfa, waokota korosho. Mpalizi hana barua. Ana jembe lake, na mapatano ya mdomo juu ya ekari.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi ya kilimo, na 500,000 kwa mfanyakazi wa kampuni ya uchimbaji madini. Basi katika wilaya ile moja ya Ruangwa watu wawili walipimwa kwa mizani miwili. Sababu yaeleweka: mgodi unao uwezo, shamba halina. Lakini tazama jambo hili limetupeleka wapi. Kipimo si tena haja ya mtu afanyaye kazi, bali ni mfuko wa yule amwajiriye. Watoto wa mpalizi hula unga uleule wa watoto wa mchimbaji, nao hununuliwa katika soko lilelile. Pengine bei yake imekwisha kupanda, maana penye mgodi pana fedha, na fedha nyingi haikai kimya sokoni.

Wilaya hizi zilianza zamani kujifunza habari za ujira. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Watu wengi walihitajika kung'oa miti, na kujenga reli kutoka Mtwara. Wenye mashamba ya mkonge ya Lindi wakanung'unika, kwa kuhofia kwamba vibarua wao watafuata mshahara mzuri zaidi. Wakuu wa karanga nao wakanung'unika kwamba kibarua wa kusini hakai kazini; mvua zikianza, huyo aenda shambani kwake. Sisi hatuoni uvivu hapo. Mtu yule alijua hesabu: ujira wake haukutosha kununua chakula ambacho nyumba yake ingekikosa kama asingelima. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa, na miaka kama kumi na zaidi baadaye hata reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Aliyekuwa hakuliacha jembe lake ndiye aliyebaki na kitu ghalani.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, tume iliyoongozwa na Donald Chesworth ilishauri kima cha chini kwa nchi nzima, nacho kikaanza mwaka 1963. Lakini mwaka huohuo wa 1962 ikapitishwa sheria iliyozuia karibu migomo yote, na Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwenyewe alitoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mfanyakazi aliongezwa shilingi, akanyang'anywa sauti. Mashamba ya mkonge yakapunguza watu. Aliyebaki kazini alinufaika kweli, na aliyeondolewa akarudi kijijini, wala hakuhesabiwa tena katika habari za mishahara. Hatusemi kwamba nyongeza ile ilikuwa mbaya. Twasema kwamba sehemu ya gharama yake ililipwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Wengi hujibu kwamba mpalizi hakulazimishwa. Aliitwa, akasikia bei, akakubali. Jibu hilo ni la zamani, na Papa Leo wa XIII alilikataa katika barua yake ya mwaka 1891. Alifundisha kwamba mapatano ya hiari hayatoshi kuuhalalisha ujira ambao hauwezi kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi. Mwenye njaa hukubali lolote, na kukubali kwake hakumsafishi anayemlipa.

Lakini hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, wala tusiuruke. Mwenye shamba la Nachingwea si tajiri. Pengine ana mikorosho mia, deni la pembejeo, na watoto wawili shuleni. Ukigawa zile shilingi 140,000 kwa siku 26 utapata karibu shilingi 5,400 kwa siku, na yeye mwenyewe, akipiga hesabu ya mwaka mzima, huenda hapati kiasi hicho. Je, ametenda dhuluma asipoweza kulipa? Twaona sivyo, ikiwa kweli hawezi. Umaskini wapunguza kiasi anachodaiwa. Hauondoi wajibu wa kulipa siku iliyoahidiwa, wala haumpi ruhusa ya kuongeza ekari baada ya kupatana bei. Kumwambia kibarua asubiri hadi korosho zipite mnadani ni kumkopa mtu aliye maskini kuliko wewe, bila kumwomba.

Tena uwezo wa mkulima watoka kwa mnunuzi. Novemba 2018, wakulima walipokataa bei za mnadani, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, na nia yaweza kuwa ilikuwa njema. Lakini wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi, na nyuma ya kila mkulima aliyengoja aliweza kuwapo mpalizi aliyengoja pia, ambaye jina lake halikuwa katika orodha yoyote ya uhakiki. Tarakimu iliyotamkwa na mkubwa bado si fedha mkononi. Yeyote anayeshangilia kima kipya yampasa aulize pia juu ya bei ya korosho, na juu ya wakaguzi wa kazi: wako wangapi, na lini walifika kijijini mara ya mwisho.

Wasomaji wetu wa mjini wasidhani kwamba habari hii ni ya wakulima peke yao. Binti atokaye vijiji kama vya Ruangwa huja kufanya kazi katika nyumba zetu, nyumba zenye msalaba ukutani. Amri ileile ya 2023 ilimtajia shilingi 60,000 kwa mwezi mtumishi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri wake. Ni shilingi 2,000 kwa siku, na siku yake huanza kabla ya wengine kuamka. Tukiulizwa mbona hatutimizi hata hizo, twajibu kwamba anakula kwetu na kulala kwetu. Lakini asiyelala kwa mwajiri aliwekewa 120,000. Chakula na kitanda vimekwisha kukatwa na sheria yenyewe, nasi twavikata mara ya pili.

Na wako wanaosema kwamba fedha yake wanamtumia shangazi yake aliyemleta. Binti ana miaka kumi na tisa, anayo simu, na jina lake analijua kuandika. Viwango vipya vilivyoanza Januari 2026 vimetangazwa katika Gazeti la Serikali. Yafaa baba na mama wavisome pamoja kabla mwezi huu haujaisha, naye binti awepo.