Danieli Aliingia Darasani
Andiko: Danieli 1:3–20



Wengi wetu hapa Shimanzi riziki yetu ni bandari: magodauni, malori, ofisi za kuondoa mizigo. SGR ilifunguliwa mwaka 2017, kisha makontena mengi yakawa yanapelekwa Nairobi kukaguliwa, na watu wakapoteza kazi. Mwaka 2022 serikali ikarudisha shughuli hiyo Mombasa. Amri huja, amri huondoka. Wewe je, zikibadilika tena utakuwa wapi?

Mtazame Danieli. Hakuwa mvivu, lakini alijikuta mateka. Huko ugenini alisoma miaka mitatu lugha na maandishi ya Wakaldayo. Hekima ilitoka kwa Mungu, ndiyo, ila ilimkuta darasani. Babeli ikaanguka, wafalme wakapita, Danieli bado yuko kazini hadi enzi ya Koreshi.

Mimi nilisomea biashara, na nasema wazi: kufunga na kuomba hakutakufundisha kutumia mfumo wa forodha kwenye kompyuta. Omba, halafu kaa chini ujifunze, hata kama anayekufundisha ni kijana wa juzi.

Na ukipanda cheo, panda na mikono safi. Katika sura ya 6 maadui waliichunguza kazi ya Danieli, wakakosa pa kumshika. Faili zako zikifunguliwa kesho Jumatatu, watakuta nini?

Wiki hii, jifunze jambo moja usilolijua kazini. Kisha mfundishe ndugu mmoja wa kanisa hili anayetafuta kazi. Amina.